Kuchora mwendo wa swapu: kurasa zinazoondoka na kurasa zinazorudi

Mtu akiniletea kompyuta inayojikokota, mara nyingi huja na ushahidi wake tayari: picha ya skrini inayoonyesha kwamba swapu, ile sehemu ya diski inayopokea mzigo wa RAM, imetumika gigabaiti moja na ushee. Kwake yeye kesi imekwisha. RAM haitoshi, swapu imejaa, tuongeze RAM.

Naamini namba hiyo ni miongoni mwa namba zinazopotosha zaidi katika mfumo endeshi mzima. Inaeleza yaliyopita: tangu kompyuta iwashwe, kurasa kiasi fulani, yaani vipande vidogo vya kumbukumbu, ziliwahi kuhamishiwa diskini na bado zimeandikwa huko. Haisemi kama zilihamishwa leo asubuhi au wiki iliyopita. Wala haisemi jambo lililo kubwa kuliko yote, yaani kama kurasa hizo zinarudi. Nimetumia jioni nyingi kutafuta namna ya kuliona hilo la kurudi kwa macho, na ndilo ninalotaka kulieleza hapa kwa kirefu, kwa sababu kwa Kiswahili sijakutana na aliyeliandika.

Tuanze na ukurasa mmoja. Kerneli, kiini cha mfumo endeshi wa Linux, hugawa kumbukumbu katika kurasa, na kwenye kompyuta zetu nyingi, zile zenye prosesa za x86-64, ukurasa ni baiti 4,096. RAM ikikaribia kuisha, uzi wa kerneli (kazi yake ya ndani) uitwao kswapd huamka, hupitia orodha za kurasa na kuchagua zile ambazo hazijaguswa kwa muda. Ukurasa uliotoka kwenye faili, kama msimbo wa programu yenyewe, hutupwa tu, maana nakala yake ipo diskini. Ukurasa ambao programu iliujaza yenyewe, labda barua ambayo mtu hajaihifadhi au picha aliyoifungua, hauna nakala popote. Huo ndio unaoandikwa kwenye swapu. Siku programu inapougusa tena, prosesa hukuta haupo, kerneli huitwa, na kerneli huusoma kutoka diskini huku programu ikisubiri.

Gharama yote imo katika kusubiri huko. RAM hujibu kwa takribani nanosekunde 100. SSD, diski isiyozunguka, hujibu kwa makumi hadi mamia ya mikrosekunde. Diski inayozunguka mara 5,400 kwa dakika humaliza mzunguko mmoja kwa milisekunde 11 hivi, kwa hiyo kwa wastani hupita zaidi ya milisekunde 5 kabla sekta inayotakiwa haijafika chini ya kichwa cha kusomea, na hapo hujahesabu muda wa kichwa chenyewe kusogea. Kurasa mia zilizotawanyika zikitakiwa kwa mkupuo, sekunde nzima inaweza kuisha na umesoma kilobaiti 400 tu.

Sasa fikiria duka lenye stoo nyuma. Stoo iliyojaa mizigo isiyoulizwa na mteja yeyote haimchelewishi mtu, tena imeachia nafasi kwenye rafu. Duka linakwama pale kijana anapotumwa stoo kila mteja anapotaka kiberiti, na kila anapoleta kiberiti lazima apeleke sukari ili rafu ipate nafasi, na mteja anayefuata anataka sukari. Ukubwa wa stoo hautakuonyesha hilo. Utaliona ukimtazama kijana.

Watu walioitazama kabla yetu

Jambo hili lina umri mkubwa kuliko Linux. Kompyuta ya Atlas ya Chuo Kikuu cha Manchester, iliyozinduliwa Desemba 1962, ilikuwa na kumbukumbu ya maneno 16,384 tu (neno hapa ni kipimo cha kumbukumbu), na nyuma yake ngoma za sumaku zenye maneno 98,304. Tom Kilburn na wenzake walitaka mwandishi wa programu aone kumbukumbu moja pana, asihangaike na kupanga mwenyewe nini kikae wapi. Waligawa kila kitu katika kurasa za maneno 512, kwa hiyo kumbukumbu ya haraka ilikuwa na nafasi 32. Thelathini na mbili! Na ndani ya mfumo waliweka programu iliyokuwa ikirekodi muda ambao kila ukurasa umekaa bila kutumika, ili ichague wa kurudishwa kwenye ngoma. Kswapd ya leo ni mjukuu wa programu ile.

Miaka michache baadaye mifumo iliyohudumia watu wengi kwa pamoja ilianza kuonyesha tabia ya kutisha: ukiongeza programu moja tu, mashine nzima inaporomoka, prosesa inakaa bure na diski haipumui. Mwaka 1968 Peter Denning, akiwa MIT, alieleza kisa chake. Kila programu, katika kipindi chochote kifupi, ina kundi la kurasa inazozihitaji kweli. Makundi ya programu zote yakitosha ndani ya RAM, kazi inakwenda. Yakizidi hata kidogo, kila programu inanyang'anya kurasa za mwenzake na mwenzake anazidai tena papo hapo. Maelezo hayo hayajapitwa na wakati hata chembe.

Ila kazi iliyonigusa zaidi ni ya D. J. Hatfield na J. Gerald wa IBM, ya mwaka 1971. Walichora. Kwenye mhimili mmoja waliweka wakati, kwenye mwingine anwani za kumbukumbu, na kila mahali programu ilipogusa wakaweka alama. Mchoro wao unaonyesha mistari na mabaka: programu inakaa eneo moja kwa muda, inahamia jingine, inarudi la kwanza. Wanafunzi wengi wa mifumo endeshi wamekutana na mchoro huo vitabuni bila kujua kwamba haukukusudiwa kuwa pambo la somo. Ulikuwa chombo cha kazi: walitaka kujua vipande vipi vya programu vipangwe pamoja ili viingie katika kurasa chache. Walichora kwanza, kisha wakarekebisha, na mimi nimefuata mpangilio huohuo.

Namba za kuanzia

Kabla ya kuchora chochote, kuna namba ambazo kerneli inakupa bure. Amri ya `vmstat 1` huchapisha mstari kila sekunde, na safu mbili za kuangalia ni `si` na `so`: kilobaiti zilizosomwa kutoka swapu na zilizoandikwa humo kwa sekunde. Mstari wa kwanza upuuze, ni wastani tangu kompyuta iwashwe. Kama `so` inaruka mara mojamoja na `si` imetulia kwenye sifuri, swapu inafanya kazi yake vizuri na humhitaji fundi. Kama zote mbili zinapanda pamoja na hazishuki, hapo kuna maradhi.

Chanzo cha namba hizo ni faili ya `/proc/vmstat`, kwenye mistari ya `pswpin` na `pswpout`, ambayo huhesabu kurasa. Humo humo, kuanzia kerneli 5.9, kuna mstari ninaoupenda kuliko yote: `workingset_refault_anon`. Kerneli inapofukuza ukurasa huacha alama ndogo mahali ulipokuwa, inayosema ulifukuzwa lini. Ukurasa ukirudi, kerneli huisoma ile alama na kujua umekaa nje kwa umbali gani, na mstari huo huongezeka. Kwa maneno mengine kerneli yenyewe inahesabu kurudi, kwa sababu watunzi wake nao waligundua kwamba hapo ndipo penye habari.

Kisha kuna `/proc/pressure/memory`, iliyoingia na kerneli 4.20 mwaka 2018, kazi ya Johannes Weiner alipokuwa Facebook. Faili hii haihesabu kurasa. Inapima muda uliopotea: ni asilimia ngapi ya sekunde 10, 60 na 300 zilizopita ambapo angalau kazi moja ilikwama ikingoja kumbukumbu, na ni asilimia ngapi ambapo kazi zote zilizotaka kufanya kitu zilikwama kwa pamoja. Ukitaka kujua kama mtumiaji anaumia, isome hiyo kwanza.

Namba zote hizi, pamoja na uzuri wake, ni jumla. Zinasema kurasa mia tatu zimerudi. Hazisemi ni mia tatu zilezile zilizorudi dakika iliyopita au ni nyingine kabisa. Hazisemi ni za nani. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua utafanya nini, na ndiyo iliyonipeleka kwenye kufuatilia nyayo za ukurasa mmoja mmoja.

Pikseli moja kwa kila ukurasa

Kuna hesabu moja iliyonifurahisha sana nilipoiona. Gigabaiti moja ya swapu, kwa kipimo cha kompyuta, ni kurasa 262,144. Hiyo ni 512 mara 512. Swapu nzima ya gigabaiti moja inaingia katika picha ya mraba ya pikseli 512 kwa 512, kila ukurasa pikseli yake, bila kubaki hata moja.

Swali likawa pikseli zipangwe vipi. Ukizipanga mstari baada ya mstari, kurasa mbili zinazofuatana diskini zinaweza kuangukia ncha mbili za picha, mwisho wa mstari mmoja na mwanzo wa unaofuata, na kundi la kurasa linakuwa uzi mwembamba usioonekana. Nilitumia mkunjo wa Hilbert, ule ambao David Hilbert aliueleza mwaka 1891: mstari mmoja unaojipindapinda mpaka unajaza mraba mzima, kwa namna ambayo vitu jirani kwenye mstari vinabaki jirani kwenye mraba. Unahitaji mraba wenye upande ambao ni kipeo cha mbili, na 512 ni kipeo cha mbili. Sasa eneo la diski linakuwa baka, na baka jicho linaliona mara moja.

Data zenyewe nilizipata kwenye vituo vya ufuatiliaji ambavyo watunzi wa kerneli wameviacha ndani ya msimbo kwa kazi kama hii. Kimoja hulia kila ombi linapotumwa diskini, na kwa chombo cha ufuatiliaji kiitwacho bpftrace unakisikiliza hivi:

```
tracepoint:block:block_rq_issue
/args->dev == 8388608/
{ printf("%llu %s %llu %u\n", nsecs,
  args->rwbs, args->sector, args->nr_sector); }
```

Namba 8388608 ni jina la diski ya `sda` kama kerneli inavyoliandika ndani: 8 iliyosogezwa biti 20. Kila mstari unaotoka una wakati, alama ya kusoma au kuandika, sekta ya kuanzia na idadi ya sekta. Sekta hiyo inahesabiwa kuanzia mwanzo wa diski nzima, kwa hiyo unatoa mwanzo wa kizigeu cha swapu (sehemu ya diski iliyotengewa swapu), unaoupata kwenye `/sys/block/sda/sda3/start` kama swapu yako iko kwenye `sda3`. Sekta ni baiti 512, ukurasa una sekta nane. Gawanya kwa nane, na hiyo ndiyo namba ya pikseli. Maombi yaliyo nje ya kizigeu yatupe. Kama swapu yako ni faili badala ya kizigeu, kazi inaongezeka kidogo, kwa kuwa faili inaweza kuwa imekatwa vipande diskini. Amri ya `filefrag -v` itakupa ramani ya vipande hivyo.

Rangi nilizochagua ni mbili. Ukurasa ukiandikwa, pikseli yake inawaka nyekundu. Ukisomwa, inawaka bluu. Kisha rangi inafifia polepole. Chini ya picha nikaweka mstari wa `/proc/pressure/memory` uende sambamba na wakati, ili unapoona rangi uone na maumivu yake.

Mara ya kwanza picha ilipotembea nilikaa kimya nikiitazama. Pikseli ya kwanza kabisa, ile ya kwenye kona, haiwaki kamwe: ukurasa huo una kichwa cha swapu, chenye herufi `SWAPSPACE2` mwishoni mwake, na kerneli haiugusi. Nyekundu inatembea ikijaza picha kwa mpangilio mzuri, kwa sababu kerneli hupenda kuandika kurasa zinazofuatana. Bluu kwenye diski inayozunguka inakuja kwa vipande vidogo vya pikseli hadi nane kwa pamoja. Hapo unaona kwa macho kile kigezo cha `page-cluster`, ambacho thamani yake ya kawaida ni 3, yaani mbili kwa kipeo cha tatu: ukiomba ukurasa mmoja, kerneli inachukua na majirani zake, ikitumaini nao utawahitaji. Kwenye SSD sura inabadilika. Tangu kerneli 4.14 majirani wanaochukuliwa huko ni wa anwani ndani ya programu, hata kama diskini wako mbalimbali, na bluu inatawanyika kama mtama uliomwagwa.

Kuna jambo jingine ambalo nilikuwa nalijua kwa kusoma na sasa nikaliona. Wakati mwingine pikseli inawaka bluu, inafifia, inawaka bluu tena, bila nyekundu katikati. Ukurasa umerudi RAM, haukubadilishwa, na nakala yake diskini imeachwa palepale. Ulipofukuzwa tena hapakuwa na haja ya kuandika. Ndiyo sababu nyingine ya ile namba ya swapu iliyotumika kutoshuka hata kurasa zikisharudi. Nafasi hizo zinahesabiwa kuwa zimetumika ingawa kurasa zake ziko RAM, na kerneli huanza kuzirudisha kwa bidii pale swapu inapozidi nusu.

Picha hiyo ilikuwa bado haina wenyewe. Ukurasa unapoandikwa, anayeonekana kwenye prosesa ni kswapd, si programu yenye ukurasa, kwa hiyo kuuliza jina la mchakato (programu inayoendeshwa) wakati huo hakusaidii. Mwenyewe anapatikana kwa njia nyingine: kila mchakato una faili ya `/proc/PID/pagemap`, yenye biti 64 kwa kila ukurasa. Biti ya 62 ikiwa moja, ukurasa uko kwenye swapu, na biti ya 5 hadi ya 54 zinataja nafasi yake humo. Ukipitia michakato yote ukiwa na mamlaka ya rooti, yaani msimamizi mkuu, unapata ramani ya nani anamiliki pikseli ipi. Nikaipa kila programu rangi yake kwenye picha ya pili, ikae kando ya ile ya kwanza.

Mashine ya steshenari

Kuna mama mwenye steshenari karibu na chuo, hapa Dar es Salaam. Wanafunzi humiminika na flashi zao, wanachapa, wanatoa kopi, wanaskani vyeti. Kompyuta yake ina RAM ya gigabaiti 4 na diski ya kuzunguka, na Linux niliiweka mimi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mashine yako imeanza kunifukuzia wateja. Inakwenda vizuri, halafu ghafla inaganda, mtu anasimama hapo na hela mkononi."

Swapu ilikuwa imetumika zaidi ya nusu. Wakati huohuo nina seva ndogo ya hifadhidata ambayo swapu yake hukaa katika kiwango hichohicho miezi kwa miezi, na hakuna anayelalamika. Ukilinganisha kwa amri ya `free`, inayoonyesha RAM na swapu iliyotumika, mashine hizi mbili ni mapacha.

Ukizichora si ndugu kabisa. Picha ya seva ni nyeusi. Kwa muda mrefu hakuna kinachowaka, kisha pikseli chache za bluu, kisha giza. Kurasa zile ni za michakato iliyojiandaa wakati wa kuwaka na haikuhitaji tena maandalizi hayo. Zimetulia stoo, na RAM zilizoiacha inatumika kuhifadhi data za hifadhidata.

Kwenye picha ya steshenari kulikuwa na baka kubwa, upande mmoja wa mraba, lililokaa giza kabisa huku mama akihudumia watu. Kisha, bila mtu kubonyeza chochote kipya, baka lote likaanza kuwaka bluu kutoka pembe moja hadi nyingine, na wakati huohuo nyekundu ikatapakaa kwingine. Mstari wa chini ukapanda. Mama akasema, "Haya, hiyo hapo." Mashine ikaganda, kisha ikazinduka, baka likaanza kufifia. Baada ya muda likarudia, baka lilelile.

Ramani ya wenyewe ilijibu mara moja: baka lote lilikuwa rangi ya programu ya mauzo, iliyoandikwa kwa Java, ambayo hufunguliwa asubuhi na kuguswa kidogo sana mchana. Java ina mkusanya taka wake wa kumbukumbu. Kila anapofanya ukaguzi kamili, hupita kwenye vitu vyote vilivyo hai ili ajue kipi bado kinatumika, na kwa kupita huko anagusa kurasa ambazo programu yenyewe haijazitazama tangu asubuhi. Kila ukurasa anaougusa na haupo RAM lazima usomwe diskini. Ili ziingie, kurasa za kivinjari na za programu ya kuskani zinafukuzwa, na hizo ndizo ambazo mteja anazingoja. Na kwa kuwa Java isipoelekezwa hujipa hadi robo ya RAM ya mashine, programu ndogo ya kuandika mauzo ya karatasi ilikuwa na ruhusa ya kutanuka hadi gigabaiti nzima.

Nikaipunguzia ruhusa kwa kigezo cha `-Xmx256m`, nikaifungua upya. Sikununua RAM. Picha iliyofuata ilikuwa na vipande vya bluu hapa na pale mtu anapohama kutoka programu moja kwenda nyingine, jambo la kawaida kwa mashine ya ukubwa ule, lakini lile wimbi halikuja tena.

Nasisitiza kwamba hakuna namba ya jumla ambayo ingenifikisha pale. Jumla ingenionyesha `si` na `so` zikipanda kwa pamoja, na mtu yeyote mwenye busara angesema RAM haitoshi. Kilichosema kweli ni umbo: kurasa zilezile, za mwenye mmoja, kwa mpigo mmoja, bila binadamu kuziomba.

Mfuatiliaji naye anakula

Kuna ugumu ambao kila atakayejaribu atakutana nao. Chombo cha kufuatilia kinatumia kumbukumbu, na kinaandika faili. Ukiiandika faili kwenye diski ileile unayoichunguza, umechafua foleni. Ukiiandika kwenye `/tmp` iliyo ya aina ya tmpfs, yaani faili zinazokaa ndani ya RAM, ujue kurasa za tmpfs nazo huweza kuhamishiwa swapu, kwa hiyo unachora nyayo zako mwenyewe. Mimi huandika kwenye flashi, na mchakato wa kufuatilia nauweka katika kikundi chake cha cgroup (njia ya kerneli ya kuiwekea michakato mipaka) chenye `memory.swap.max` ya sifuri, ili kurasa zake zisihamishwe. Kuchora nafanya baadaye, kwenye kompyuta nyingine. Picha inayotembea papo hapo inavutia, lakini kwenye mashine ya gigabaiti 4 iliyo hoi kuiendesha si haki.

Mashine nyingi za leo zina zram, na hapo njia yangu ya sekta haifanyi kazi. Zram, iliyoingia rasmi katika kerneli 3.14 mwaka 2014, haiandiki diskini: inabana kurasa na kuziweka ndani ya RAM ileile, ikilipia kwa kazi ya prosesa. Fedora iliifanya kuwa swapu ya kawaida kuanzia toleo la 33, mwaka 2020. Kwa kuwa haina foleni ya maombi ya diski, kituo cha `block_rq_issue` hakilii kabisa, na picha yako inabaki nyeusi huku kurasa zikienda na kurudi kwa maelfu. Inabidi usikilize ndani zaidi, kwenye kazi ya kerneli inayosoma ukurasa kutoka swapu, iliyoitwa `swap_readpage` na katika matoleo mapya `swap_read_folio`. Majina hayo hayana ahadi ya kudumu, yatazame upya kila kerneli inapobadilika. Faida yake ni kwamba hapo mchakato unaosubiri unajulikana kwa jina, moja kwa moja.

Simu za Android zimekuwa na zram tangu enzi za toleo la 4.4. Na sasa ukipita Kariakoo au Luthuli Avenue ya Nairobi utaona maboksi ya simu yameandikwa RAM kwa namba mbili zilizojumlishwa, kama 8 + 8. Ya pili ni hifadhi ya simu inayotumika kama swapu. Muuzaji akikuambia simu ina RAM ya 16, sasa unajua swali la kumuuliza mtu aliyeitumia: ukirudi kwenye programu uliyoiacha muda mfupi uliopita, inakuja papo hapo au inajifikiria?

Namaliza na jaribio ambalo kila mwenye Linux anaweza kulifanya akiwa na RAM ya kutosha: endesha `swapoff` huku ukichora. Amri hiyo inalazimisha kila ukurasa urudi RAM. Katika kerneli za zamani, zilizotangulia 5.1, kazi ilifanywa kwa kufuata nafasi za swapu moja baada ya nyingine, na kwa kila nafasi kerneli ilipekua michakato kutafuta mwenyewe, jambo lililoweza kuchukua muda mrefu sana. Kwenye picha ya Hilbert bluu inatembea kwa kufuata mkunjo, kuanzia kona. Kuanzia 5.1 mpangilio uligeuzwa: kerneli inapitia michakato, na kila mmoja unarudishiwa kurasa zake zote kwa pamoja. Weka picha ya wenyewe kando na utaliona badiliko hilo bila kusoma mstari wa msimbo: kwanza zinaondoka kurasa za tmpfs na kumbukumbu za kushirikiana, kisha rangi ya programu moja inafutika kila ilipo, kisha ya nyingine.